Noti ya Senti Ishirini na Tano Aliyoifua Mama

Mwaka mama yangu alipokuja kututembelea Houston, nilikuwa na miaka mitatu nyuma ya kaunta ya duka la kituo cha petroli, si mbali na apatimenti zetu za Sharpstown. Mume wangu aliendesha teksi. Watoto wetu wawili walikuwa shule ya msingi na walikuwa wameshaanza kunijibu kwa Kiingereza kila nilipowasemesha Kiswahili. Maisha yetu yalikuwa ya kawaida kabisa, ya zamu na vyombo na kodi ya nyumba, na nisingekuwa na la kuandika kuhusu siku zile kama si mzee mmoja aliyekuwa akija dukani kila asubuhi kununua kahawa.

Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, wa miaka sabini na kitu, aliyestaafu kazi ya kupeleka barua. Alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba na mfuko begani kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuvaa viatu vizito vyeusi vya kazi ile. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi Missouri City, mji wa jirani, lakini aliendesha gari mpaka kwetu kwa sababu, alisema, kahawa yetu ilikuwa mbaya kama ile ya posta na alikuwa ameizoea. Kila akilipa aliniuliza swali lile lile: leo imepita noti yoyote ya zamani?

Mara ya kwanza sikumwelewa. Akatoa dola kwenye pochi yake akanionyesha muhuri wa kijani. Zamani, akasema, zilikuwapo dola zenye muhuri wa buluu, na noti za dola mbili na tano zenye muhuri mwekundu, na bado moja moja huibuka, mtu akifungua sanduku la marehemu bibi yake au mtoto akichukua asichojua kwenye droo ya babake. Nikiiona, nimwekee, na mimi nitie dola yangu ndani ya mashine ya fedha badala yake. Nilimuuliza mwenye duka, akasema haoni ubaya mradi hesabu ya jioni itimie.

Wiki ya tatu nikapata moja. Mwanamke alilipia maziwa kwa dola iliyokunjwa mara nne, na nilipoikunjua nikauona muhuri, buluu kabisa. Nilishangaa jinsi moyo ulivyonidunda kwa kitu kidogo kama kile. Asubuhi nilipompa mzee aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaniambia haina thamani kubwa, labda dola na nusu. Kisha akanirudishia.

"Hii ni yako," alisema. "Ya kwanza huwa haiuzwi."

Ndivyo nilivyoanza. Mume wangu aliponikuta nimeilaza ndani ya kitabu cha simu aliniuliza, "Sasa una-collect makaratasi?" Nikasema ndiyo, na tangu siku hiyo, akipata noti ngeni kwa abiria, alikuwa akiniletea huku akijifanya hajali.

Baadaye nikaja kujua kwamba dola za muhuri wa buluu zilikuwa mlango tu. Kilichokuwa moyoni mwa mzee ni noti za senti. Siku moja duka lilipokuwa halina watu alileta albamu ndogo, akaifungua juu ya kaunta. Sikuwahi kuona fedha kama ile. Zilikuwa noti za karatasi, ndogo kuliko karata za kuchezea, za senti tatu, tano, kumi, kumi na tano, ishirini na tano na hamsini. Nilidhani ni za watoto. Akasema hapana, ni fedha halali ya Marekani, tena mpaka leo serikali inaitambua kwa thamani iliyoandikwa, ijapokuwa mtu atakayeitumia hivyo atakuwa hana akili.

Alinisimulia kwa siku kadhaa, kipande kwa kipande, kati ya mteja na mteja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka hapa Marekani, miaka ya 1860, watu waliingiwa na hofu wakaficha kila kilichokuwa cha madini: dhahabu kwanza, halafu fedha, mwishowe hata shaba. Ghafla hapakuwa na chenji. Ukinunua mkate hakuna wa kukurudishia. Wenye maduka wakaanza kutoa vikaratasi vyao wenyewe, na watu wakalipana kwa stempu za barua. Lakini stempu zina gundi nyuma, na mfukoni mwa mtu anayetoka jasho zikawa donge moja. Ndipo serikali ikachapisha noti zenye picha za stempu, nyingine hata na kingo zenye vitundu kama stempu zenyewe. Hapo mzee alicheka. Alikuwa ameshika stempu maisha yake yote, na kumbe zilikuwa zimewahi kuwa fedha.

Baada ya miezi michache nilinunua yangu ya kwanza, ya senti kumi, kwa dola kumi na moja. Nilikuwa nayo mama alipofika.

Mama alikuwa ameshapita miaka sitini na tano. Mtaani kwetu Mombasa alijulikana kwa kufua, kutia wanga na kupiga pasi. Bwana harusi akitaka kanzu isimame kama ukuta, aliipeleka kwa mama. Houston ilimchosha ndani ya wiki moja. Mashine ya kufulia ya apatimenti hakuiamini. Alifua kwa mikono ndani ya bafu na kuanika kibarazani, ingawa meneja alishatuandikia barua mbili kwamba ni marufuku. Kila alichokiona kina doa alikifua. Alifua viatu vya watoto, mapazia, hata mkoba wangu wa kazini.

Nilipomwonyesha noti yangu ya senti kumi aliitazama kwa muda, akaniuliza kama kweli nimetoa dola kumi na moja kununua senti kumi. Nikamweleza habari ya vita na chenji kupotea, nikitegemea kwamba atachoka katikati. Hakuchoka. Alisema ni kama dukani kwetu, muuzaji akikosa chenji anakupa peremende au kiberiti. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna aliyezichora peremende zikawa fedha. Nikamwambia pia habari ya ofisa aliyesimamia uchapishaji wa noti hizo, aliyeweka sura yake mwenyewe kwenye noti ya senti tano, mpaka wabunge wakakasirika na ikapitishwa sheria kwamba mtu aliye hai asiwekwe kwenye fedha ya Marekani. Mama akatikisa kichwa. Kwetu wakati ule sura ya rais ilikuwa kwenye kila noti, naye yu hai na anatawala.

Nilimpelekea mzee habari ya peremende na kiberiti. Aliipenda sana hata akaniomba niirudie. Kesho yake alikuja na kitu ndani ya mfuko wa shati: noti ya senti ishirini na tano, imo ndani ya plastiki ngumu. Kichwa cha rais wa kwanza wa Marekani kilikuwa katikati, kimezungukwa na duara la unga wa shaba lililowekwa makusudi ili waghushi wasiweze kuipiga picha. Nyuma ilikuwa zambarau. Pembe moja ilikuwa na alama nyeusi kama ya grisi, na karatasi nzima ilikuwa imeingia rangi ya chai.

"Mpelekee mama yako aione," aliniambia. "Usiitoe kwenye plastiki. Ina habari yake, nitawaeleza siku tukikaa."

Niliitoa. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini, na jibu ni kwamba nilitaka mama aishike. Alikuwa ameanza kupenda kitu ninachokipenda, na nilitaka asikie wepesi wa karatasi ile kwa vidole vyake. Aliishika, akainusa, akasema inanuka sanduku. Hapo simu ikalia: mwenzangu wa zamu ya mchana alikuwa mgonjwa, nifike haraka. Niliiweka noti kwenye kisahani juu ya meza ya jikoni, nikavaa viatu, nikatoka.

Niliporudi jioni mama alikuwa amekaa mezani ananingoja. Mbele yake palikuwa na taulo mbili nyeupe zimelazwa moja juu ya nyingine, na pasi pembeni. Aliifunua ile ya juu kwa namna anavyofunua kanzu ya harusi mbele ya mwenyewe.

Noti ilikuwa imenyooka. Ilikuwa safi, inanukia sabuni, ngumu kidogo kwa wanga. Duara la shaba lilikuwa limetoka lote, limebaki kovu la kijivu kuzunguka kichwa. Alama nyeusi ya pembeni haikuwapo.

"Ilikuwa chafu mno, mwanangu," mama alisema. "Nikaona mzee wa watu ataipokeaje vile."

Nilisema ahsante, nikaenda bafuni, nikafungua bomba la maji nikakaa kwenye ukingo wa bafu mpaka nilipoweza kutoka.

Asubuhi nilimwambia mzee kabla hajamimina kahawa. Sikutafuta maneno, nilisema niliitoa kwenye plastiki, nikaiacha, na mama akaifua. Nikaiweka mbele yake. Aliitazama bila kuigusa. Niliona macho yake yakienda kwenye ile pembe, yakabaki pale. Kisha akairudisha kwenye plastiki, akaitia mfukoni, akatoka. Hakununua kahawa.

Hakuja siku iliyofuata, wala ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne mama aliniuliza kwa nini sili. Nikamwambia yote, kwamba noti ile uchafu wake ulikuwa sehemu ya noti, kwamba duara lile likitoka halirudi, na kwamba kosa ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nisiitoe. Nilitegemea ajitetee, maana mama alikuwa hodari wa kujitetea. Badala yake akauliza mzee anaishi wapi.

Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Nilipompigia, sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema Jumapili baada ya kanisa anaweza kutupokea. Mama alioka mkate wa kumimina, wa mchele na tui zito, akavaa buibui lake jipya, na mume wangu akatupeleka Missouri City kwa teksi yake. Njia nzima mama aliupakata mkate.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya matofali, ndogo, bustani yake imekatwa vizuri. Alitukaribisha sebuleni, akampa mama kiti chenye mto, akakata mkate yeye mwenyewe akautia kwenye sahani. Mume wangu alibaki karibu na mlango, hajui akae au asimame. Mimi nilikuwa mkalimani. Mama hajui Kiingereza zaidi ya salamu.

"Mwambie nimekuja kuomba radhi," mama alisema. "Mwambie kazi yangu ni kuondoa uchafu, nikaona uchafu, sikuona kingine. Wewe usijitie ndani, mwambie mimi."

Nilitafsiri. Mzee alisema amekubali, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kutueleza, kwani aliitoa noti bila habari yake. Kisha akatueleza.

Kwenye njia yake ya barua palikuwa na bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa akimngoja kibarazani kila siku, kuwe na barua au kusiwe. Kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana tu na kuulizana hali ya hewa. Siku ya mwisho kabla ya kustaafu, mzee alikwenda kumuaga. Bibi akaingia ndani akatoka na Biblia, na kutoka katikati yake akatoa ile noti. Babu yake yule bibi alizaliwa mtumwa hapa Texas. Walipoachwa huru alibaki kwenye shamba lile lile la pamba kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na noti ile ilikuwa malipo ya kwanza aliyowahi kupokea kwa kazi ya mikono yake. Hakuitumia. Bibi alisema alama nyeusi ya pembeni ni kidole gumba cha babu yake. Pengine ni kweli na pengine si kweli, mzee alisema, grisi ni grisi. Lakini yule bibi aliamini, na yeye baada ya kupewa akaamini pia. Bibi hakuwa na mtoto wa kumwachia. Alimpa mleta barua.

Nilitafsiri mpaka kwenye kidole gumba, nikakwama. Mume wangu akamalizia pale mlangoni, kwa sauti ya chini.

Mama aliweka sahani chini. Alitazama mikono yake. Nilidhani analia, lakini alipoinua uso macho yalikuwa makavu.

"Mwambie," alisema, "bibi yangu alikuwa mjakazi."

Sikutafsiri. Nilimgeukia. Nyumbani kwetu tulilelewa tukiambiwa kwamba asili yetu ni watu wa Lamu, na nyuma ya Lamu, Arabuni. Mjomba wangu alikuwa na karatasi yenye majina ya mababu na aliisoma harusini.

"Mwambie," mama akarudia. "Mama yake mama yangu. Alichukuliwa mtoto, huko bara kwa Wayao, akaletwa Malindi. Alikuwa mali ya nyumba fulani. Alipoachwa huru alitoka na nguo aliyovaa. Hakupewa hata kikaratasi kama hiki. Mimi amenilea miaka sita, na mikono yake naikumbuka, lakini hakuna kitu chake nilichobaki nacho, hata kitana. Mama yangu alitukataza kumtaja. Mwambie kama ningekuwa na doa la kidole chake mahali, na mtu akalifua, sijui ningemfanyaje mtu huyo."

Nilimtafsiria mzee maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Nilisema "bibi yake" na katikati ya sentensi nikatambua kwamba nazungumza habari zangu. Kiingereza changu kilikatika mara mbili tatu. Mzee alinisubiri kila mara, hakunisaidia kwa kukisia.

Nilipomaliza alivuta kiti chake karibu na cha mama. Alimuuliza, kupitia kwangu, bibi huyo aliitwa nani. Mama akamtajia jina. Mzee alijaribu kulitamka, akakosea, mama akamsahihisha, akajaribu tena mpaka mama akaridhika. Halafu wakala mkate. Mzee aliomba kipande cha pili na akataka kujua tui linatoka wapi, na mama akapata nafasi ya kulalamika juu ya nazi za Houston, ambalo lilikuwa jambo alilolimudu vizuri zaidi.

Jumatatu alirudi dukani. Alinunua kahawa, akaniuliza kama imepita noti ya zamani. Sikuwa nayo.

Mama alirudi Mombasa baada ya mwezi mmoja. Kabla hajaondoka tulikwenda Missouri City mara mbili zaidi, na mara zote mzee alimwonyesha albamu zake, ukurasa kwa ukurasa, akimwachia azishike zile zisizokuwa na plastiki. Mama alikuwa akiosha mikono kwanza na kuikausha kwa khanga yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Miaka ilipokwenda na miguu ya mzee ikaanza kumsumbua, binti yake, aliyekuwa na kazi nzuri kwenye ofisi moja kubwa Plano, karibu na Dallas, alimchukua akakae naye. Mzee aliniomba niende naye kwenye maonyesho ya noti na sarafu Dallas, kwa kuwa alikuwa ameamua kuuza sehemu kubwa ya mkusanyo wake na hakutaka kukaa peke yake mezani. Mume wangu alinipeleka, safari ya saa nne na nusu hivi, tukaacha watoto kwa jirani. Nilikaa karibu na mzee siku nzima. Wanunuzi walikuja na miwani ya kukuzia, wakaziinua noti kwenye mwanga, wakapunguza bei kwa kila mkunjo. Mmoja aliiona ile ya senti ishirini na tano ndani ya mkoba wa mzee uliokuwa wazi, akaichukua, akasema kwa upole kwamba imefuliwa na imeharibika, atampa dola mbili kwa ajili ya kujazia nafasi tupu kwenye albamu.

"Hiyo haiuzwi," mzee alisema. "Na haijaharibika. Imefuliwa tu."

Nadhani alipofariki ilibaki kwa binti yake. Sikuuliza, na haikuwa haki yangu kuuliza. Nilikwenda mazishini na mume wangu, tukakaa nyuma, na binti alikuja kunishika mkono akaniambia babake alikuwa akituita watu wake wa Sharpstown, ingawa wakati huo tulikuwa tumeshahama.

Mimi sasa ninazo noti za aina hiyo thelathini na sita. Ya senti kumi na tano niliipata baada ya kuitafuta miaka mitano. Watoto wangu, ambao sasa ni watu wazima, huniuliza nitazifanyia nini, nami huwafungulia albamu.

Na siku za Jumapili, tangu mama aliporudi kwao, nilikuwa nanunua kadi ya simu na kumpigia Mombasa, na baada ya salamu na habari za ndugu nilimuuliza juu ya bibi yake. Mwanzoni alisema simu si mahali pa mazungumzo hayo. Nikaendelea kuuliza. Siku moja akaniambia bibi alikuwa akipika mtama kwa namna ambayo hajaiona kwa mtu mwingine. Jumapili nyingine akakumbuka maneno mawili ya Kiyao, asiyoyajua maana. Mjomba alipopata habari alikasirika, akamwambia mama anatuaibisha bure, na kwa karibu mwaka mzima hawakusemezana. Mama hakurudi nyuma. Nilikuwa naandika kila alichosema kwenye daftari la shule la mwanangu, na tarehe juu, na sauti ya mwanamke wa kadi ya simu ilipotuambia zimebaki dakika mbili, mama alikuwa akisema, "Andika hili pia kabla simu haijakatika," na mimi nikaandika.